Kemia Ilianzia Jikoni



Kitabu chetu cha kila mwaka kimezoea kutuletea habari za miji tuliyotoka, nasaba za koo zetu, mapishi, na majina ya waliooana na waliotangulia mbele ya haki. Safari hii nimeomba kurasa chache niandike habari ambayo huenda ikaonekana ngeni mahali hapa, nayo ni historia ya elimu ya kemia, na khasa namna elimu hiyo ilivyokuwa ikiwafikia watoto majumbani tangu zamani. Mimi si mtaalamu wa kemia. Nilisoma chuoni, kisha nikasoma skuli ya sekondari huko Unguja katika miaka ya 1970. Nikasomesha watoto wadogo kwetu, na baadaye huku Uingereza katika madarasa ya Jumamosi ya jamaa zetu, mpaka nilipostaafu. Ninayoyaandika ni yale niliyoyasoma vitabuni kwa raha yangu, na yale niliyoyajaribu mezani pamoja na watoto.

Kilichonisukuma kuandika ni imani mbili nilizozikuta kwa watoto wetu wa ugenini. Ya kwanza ni kwamba kemia ni mali ya skuli, jambo gumu la chumba chenye chupa na makoti meupe. Ya pili ni kwamba kemia ni mali ya watu wengine, na kwamba wazee wao nyumbani hawana habari nayo. Imani hii ya pili ndiyo inayodhuru zaidi. Mtoto anayedhani kwamba bibi yake hajui kitu haoni haja ya kumwuliza. Na asiyekuwa na la kumwuliza bibi yake haoni haja ya kujua lugha ya kumwulizia. Kwa hivyo mimi nalihesabu jambo hili kuwa ni la lugha na udugu kabla halijawa la mitihani. Na historia, ukiitazama vizuri, inazikanusha imani zote mbili.

ASILI YA JINA

Tuanze na jina lenyewe. Neno kemia limepita katika Kiarabu, al-kimiya, kabla ya kuingia katika lugha za Ulaya, na Waarabu nao walilipokea kutoka kwa Wayunani. Katika karne ya tisa, mjini Baghdad, mwanachuoni Al-Kindi alitunga kitabu juu ya kemia ya manukato na ukenekaji wake, na ndani yake mna mapishi zaidi ya mia moja ya mafuta mazuri na maji ya kunukia. Naliita mapishi kwa makusudi, maana ndivyo yalivyo: chukua hiki kiasi kadhaa, tia na kile, weka juu ya moto mdogo. Baada yake akaja Abu Bakr al-Razi, mzaliwa wa mji wa Rayy katika nchi ya Uajemi, aliyefariki kiasi cha mwaka 925. Yeye alivipanga vitu vyote katika mafungu matatu, vya wanyama, vya mimea na vya ardhini, na akaorodhesha vyombo vya kazi: tanuri, mivuo, vyungu vya kuyeyushia, vyombo vya kukenekea. Ukiisoma orodha hiyo utaona kwamba vingi ni vyombo vya sonara, vya muuza marashi na vya mpishi. Maabara ya kwanza ilikopa vyombo vyake dukani na jikoni.

Majina yamebaki mpaka leo. Chombo cha kukenekea, al-anbiq, kiliingia katika lugha za Ulaya na jina lake. Neno alkoholi limetoka katika al-kuhl, yaani wanja tunaopaka machoni. Na alkali imetoka katika al-qali, majivu ya mimea yaliyokuwa yakitumiwa kutengenezea sabuni na kioo. Mwaka 1807 Humphry Davy alipitisha umeme katika vitu vya jamii hii huko London, akapata metali mbili ambazo hakuna aliyepata kuziona kabla yake. Waingereza wanaziita potasiamu na sodiamu. Lakini alama zake katika jedwali la elementi ni K na Na, kwa sababu Wajerumani walipendelea majina kalium, kutokana na al-qali, na natrium, kutokana na natron, ile chumvi ya ardhini ya Misri.

Basi hapa ndipo ninapowasimamisha watoto. Ile natron ni ndugu wa magadi yetu. Magadi yatokayo Ziwa Magadi, nchini Kenya, ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Bibi aliyekuwa akitia chembe ya magadi katika chungu cha kunde alikuwa akitia alkali, nayo alkali hulegeza ule utomvu unaoshika kuta za mboga, ndiyo maana kunde zikaiva upesi. Mtoto anayeziona herufi mbili, Na, katika karatasi ya mtihani, amekutana na magadi ya bibi yake, ila hakuna aliyemjulisha.

MWANAMKE ALIYEANDIKA NA KIJANA ALIYESOMA

Skuli niliyosoma mimi ilikuwa na chumba cha maabara, lakini aghalabu kilikuwa kimefungwa kufuli. Tulichungulia dirishani tukaona chupa, nyingi zikiwa tupu. Kemia tuliisoma kwa kukariri, kama mtu anayehifadhi majina ya miji ambayo hatafika. Nilipofika Uingereza na kuanza kusoma vitabu vya historia katika maktaba ya mtaani ndipo nilipofahamu kwamba wengi kati ya watu wakubwa wa elimu hii nao hawakuwa na maabara, wala hawakupata masomo mengi.

Mwaka 1806 kilichapishwa London kitabu kilichoitwa Conversations on Chemistry. Hakikuwa na jina la mtungaji. Kiliandikwa kwa mtindo wa mazungumzo baina ya mwalimu, Bibi Bryan, na wasichana wawili, Emily na Caroline. Emily ni mtulivu na mwangalifu, Caroline ni mwepesi wa kuuliza na kubisha. Wanakaa nyumbani, wanafanya majaribio, wanakosoana. Mtungaji alikuwa mwanamke, Jane Marcet, mzaliwa wa London wa mwaka 1769. Alikwenda kusikiliza mihadhara ya Davy huko Royal Institution, akatoka bila ya kufahamu sawasawa; lakini aliporudi na kuyazungumza mambo yale na rafiki na kuyajaribu, yakamwelea. Akaona kwamba mazungumzo ndiyo mlango. Kitabu chake kilipigwa chapa mara nyingi Uingereza, na Marekani kiliigwa na kuchapishwa mara nyingi zaidi. Jina lake halikutokea juu ya kitabu mpaka mwaka 1832.

Miaka michache baada ya kutoka kitabu hicho, katika duka moja la kujalidi vitabu katika mtaa wa Blandford, London, alikuwako kijana mwanagenzi aitwaye Michael Faraday. Alizaliwa mwaka 1791, baba yake mhunzi, na skuli alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Mchana alijalidi vitabu vya wateja, na saa za faragha akavisoma. Kimoja kilichopita mikononi mwake kilikuwa hicho cha Bibi Marcet. Hakukisoma tu akakiamini; aliyajaribu yale aliyoweza kuyajaribu kwa vyombo vya senti chache, na alipoona kwamba yanatokea kama yalivyoandikwa, akashika njia hiyo asiiache. Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za kumsikiliza Davy. Faraday akaandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea Davy, na mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wake. Huyo ndiye aliyekuja kuonyesha jinsi ya kupata umeme kwa sumaku, na mitambo ya umeme ya dunia nzima inafuata njia yake. Hata alipokuwa mtu mashuhuri aliendelea kumpelekea Bibi Marcet maandishi yake, akamhesabu kuwa mwalimu wake wa kwanza.

Naomba mzazi apaangalie mahali hapa. Mlango alioingilia Faraday ulikuwa kitabu cha mazungumzo ya nyumbani, kilichoandikwa na mwanamke, kwa lugha nyepesi. Chuo kikuu hakimo kabisa katika habari hii.

MSHUMAA

Mwaka 1825 Royal Institution ilianza kutoa mihadhara kwa vijana wakati wa Krismasi. Faraday mwenyewe aliitoa mara kumi na tisa. Iliposimama, ilisimama kwa sababu ya vita, baina ya mwaka 1939 na 1942. Tangu mwaka 1966 imekuwa ikionyeshwa katika televisheni, na mpaka leo ipo. Mashuhuri kupita yote ni ile sita aliyoitoa mwishoni mwa mwaka 1860 na mwanzoni mwa mwaka 1861, ambayo William Crookes aliichapisha kuwa kitabu. Mada yake ilikuwa mshumaa, basi. Kwa siku sita mzee huyu aliwaonyesha watoto kitu ambacho kila mmoja alikuwa nacho nyumbani, na kila mara akawaonyesha jambo ambalo hawakuliona.

Jaribio moja twaweza kulifanya usiku huu. Washa mshumaa, uache uwake vizuri, kisha uuzime kwa pumzi ndogo. Utaona moshi mweupe ukipanda kutoka utambini. Upesi, sogeza njiti ya kibiriti inayowaka katika moshi huo, mbali kidogo na utambi. Moto utaruka ukashuka kwa njia ya moshi na mshumaa utawaka tena, bila ya njiti kuugusa utambi. Kwa nini? Kwa sababu kinachowaka si utambi wala si nta ngumu. Nta huyeyuka, hupanda utambini, hugeuka mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Mtoto akishaliona hili haoni tena mshumaa ule ule.

Katika mhadhara wa mwisho Faraday alifikia jambo kubwa zaidi. Alichukua hewa iliyotoka katika mshumaa unaowaka, akaitia katika maji safi ya chokaa, na maji yakawa meupe kama maziwa. Kisha akapuliza pumzi yake mwenyewe katika maji mengine ya chokaa, nayo pia yakawa meupe. Hewa inayotoka katika mshumaa na hewa inayotoka kifuani mwa mwanadamu ni moja, hewa ya ukaa, ambayo watoto skuli wanaiita kaboni dayoksaidi. Chakula ndani yetu huungua polepole, bila ya ndimi za moto.

Sasa tuitazame chokaa hiyo, maana sisi watu wa pwani tuna haki yetu ndani yake. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu na za Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mafundi walipanga magogo, wakalundika mawe juu yake, wakatia moto. Moto ule uliifukuza hewa ya ukaa iliyokuwa ndani ya jiwe, likabaki jiwe jepesi lenye ukali. Walipolimwagia maji lilichemka lenyewe, likapasuka likawa unga. Unga ukachanganywa na mchanga na maji, ukapakwa ukutani. Kisha ukuta, mwezi baada ya mwezi, ukaivuta tena kutoka angani ile hewa iliyofukuzwa, na chokaa ikarudi kuwa jiwe. Maji meupe ya Faraday ni jambo hilo hilo katika gilasi: chokaa inashika hewa ya ukaa na kuwa vumbi la mawe. Fundi wetu hakuwa na majina ya Kizungu ya mambo haya, lakini alijua jiwe lichomwe kiasi gani na chokaa ilale siku ngapi.

KIJANA WA SHADWELL

Wale wenzetu wanaokaa London upande wa mashariki huenda wanapita Cable Street kila siku. Katika nyumba moja ya mtaa huo, wakati wa likizo ya Pasaka ya mwaka 1856, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa na maabara yake ndogo. Mwalimu wake, Hofmann, alikuwa amesema kwamba ingefaa sana kama kwinini ingeweza kutengenezwa na watu badala ya kutegemewa magome ya mti. Kwinini ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria, na hakuna jamaa wa kwetu asiyeujua uchungu wake. Perkin akajaribu kuitengeneza kutokana na vitu vilivyopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Hakuipata. Alichopata ni uchafu mweusi. Alipokuwa akiusafisha kwa spiriti aliona rangi ya urujuani nzuri mno, ikashika juu ya hariri wala haikutoka kwa kufuliwa.

Angeweza kuumwaga. Badala yake akauliza ni kitu gani. Mwaka uliofuata, kwa fedha za baba yake na msaada wa kaka yake, akafungua kiwanda Greenford, na mwaka 1858 Malkia Victoria alivaa rangi hiyo katika harusi ya binti yake. Kabla ya hapo karibu rangi zote za nguo zilitoka katika mimea na wanyama, kama nili. Baada ya Perkin ulianza wakati wa rangi za kiwandani, ambazo ziligeuza biashara ya nguo duniani kote, pamoja na nguo zilizochapwa ng'ambo na kuletwa pwani kwetu. Na mwanzo wake ulikuwa katika chumba cha nyumbani, kwa kijana aliye likizoni.

MASANDUKU YA KUCHEZEA

Mwanzoni mwa karne ya ishirini wafanyabiashara waligundua kwamba udadisi wa watoto unauzika. Marekani kampuni ya ndugu wawili wa jina la Porter, katika mji wa Hagerstown, iliuza masanduku ya kemia yaitwayo Chemcraft, na A. C. Gilbert wa New Haven akashindana nayo. Uingereza nayo ilikuwa na yake. Masanduku haya yaliwapenda zaidi watoto wa kiume. Picha juu ya kifuniko zilikuwa za wavulana. Ndani mlikuwa na chupa ndogo za dawa, baadhi yake zenye sumu. Ajabu kuliko yote ilikuwa sanduku la Gilbert la mwaka 1950, lililokuwa na vipande vya madini ya yuraniamu, likauzwa kwa dola zipatazo hamsini, na mwaka uliofuata likaondolewa.

Baadaye sheria zikawekwa, masanduku yakapunguzwa ukali, na watu wazima waliochezea ya zamani wakasema kwamba furaha imekwisha. Mimi sikubaliani nao. Faraday hakuwaonyesha watoto yuraniamu, aliwaonyesha mshumaa. Furaha ya kemia haimo katika hatari wala katika mshindo. Imo katika kuona kitu unachokijua kikifanya jambo usilolitazamia, kisha ukafahamu kwa nini.

YALIYOMO NYUMBANI KWETU

Kwa msingi huo, hatuhitaji kununua sanduku. Nitataja manne niliyoyajaribu na watoto mara nyingi, na kila moja lina mzee wake wa kuulizwa.

La kwanza ni manjano. Jumamosi moja mtoto alikuja darasani na malalamiko: kanzu yake nyeupe ilidondokewa na mchuzi, mama yake akaipaka sabuni, na doa la kimanjano likawa jekundu kama damu. Watoto wakacheka, nami nikawaambia, nendeni mkawaulize bibi zenu kwa nini. Msichana mmoja ambaye Kiswahili chake kilikuwa kikiishia kwenye "Shikamoo, bibi" alimpigia simu bibi yake Unguja. Ilimbidi kwanza anitake maneno: doa, sabuni, kugeuka. Jumamosi ya pili akarudi na jibu, kwamba ukilitia ndimu litarudi manjano, na ukiianika kanzu juani doa litafifia. Tukajaribu. Tuliloweka karatasi nyeupe ya kuchujia kahawa katika manjano yaliyochanganywa na spiriti, tukaikausha, tukaipaka maji ya sabuni ya mche kwa brashi: nyekundu. Tukaipaka ndimu: manjano tena. Rangi iliyomo katika manjano hubadilika umbo ikikutana na alkali, na hurudi ikikutana na asidi. Kwa karatasi hiyo mtoto aweza kupima siki, magadi, ukwaju, maji ya majivu, kila kitu cha jikoni. Maua makavu ya choya nayo hufanya kazi hiyo, ila yenyewe huwa mekundu katika asidi, na katika alkali huelekea buluu na kijani.

Msichana yule hakuacha kupiga simu. Kila wiki aliuliza jambo: kwa nini tui hukatika likichemka bila ya kukorogwa, kwa nini hamira haiumuki siku ya baridi, kwa nini tambuu ikitiwa chokaa na popoo mate huwa mekundu. (Hili la mwisho lizungumzwe tu, lisionjwe, imethibitika kwamba popoo huleta saratani ya kinywa.) Bibi yule sasa ameshafariki, Mungu amrehemu. Mjukuu wake ana daftari lenye majibu yake, limeandikwa kwa Kiswahili chenye makosa ya hijai, wala hakubali mtu alisahihishe.

La pili ni yai. Liweke yai bichi katika gilasi ya siki, uliache siku mbili, na siki uibadilishe mara moja. Povu litapanda, na ganda litaondoka lote, libaki yai lenye ngozi laini tu. Ganda la yai, kombe la pwani na jiwe la matumbawe ni kitu kimoja, na povu lile ndilo hewa ile ile aliyoifukuza fundi kwa moto. Siki huifukuza bila ya moto.

La tatu ni marashi. Jamaa zetu walioko Oman wanajua kwamba katika Jabal Akhdar mawaridi huchumwa katika majira ya machipuko, na maji yake hukenekwa katika matanuri ya udongo. Nyumbani hapa, tia maji na maua ya mawaridi yasiyopigwa dawa katika sufuria, weka bakuli zito katikati, funika kwa kifuniko kilichopinduliwa, na juu ya kifuniko weka barafu. Kwa moto mdogo mvuke utapanda, utagusa kifuniko baridi, utadondoka bakulini. Mtoto akinusa tone hilo, amefanya kazi ya Al-Kindi. Baada ya hapo mwonyesheni mrashi uliotoka kwa bibi, na mwambieni jina lake.

La nne ni fedha. Bangili za fedha za bibi zilizoshika weusi si chafu; fedha imeungana na salfa ya hewani. Tandika karatasi ya aluminiamu katika bakuli la kioo, weka bangili juu yake ziiguse, nyunyiza magadi ya kupikia vijiko viwili, mimina maji ya moto. Dakika chache tu, salfa itahama kutoka katika fedha na kwenda kwenye aluminiamu, huku ikinuka kama yai viza. Tofauti na kusugua, njia hii haiondoi fedha yenyewe. Lakini vyombo vyenye vito, au vyenye nakshi iliyotiwa weusi makusudi, visitiwe humo.

TAHADHARI

Mzazi awepo daima. Chokaa hula macho, kwa hivyo maji yake yashikwe na mkubwa, macho yafunikwe kwa miwani, na anayepuliza kwa mrija apulize tu, asivute. Nywele na mitandio vifungwe nyuma penye moto. Kinachojaribiwa kisiliwe. Na kubwa kuliko yote, dawa ya klorini ya kusafishia choo isichanganywe abadani na siki, ndimu wala dawa nyingine yoyote. Hutoka hewa ya klorini, ile iliyotumiwa kuulia watu vitani huko Ypres mwaka 1915. Hili nalo ni somo la kemia, na mtoto alijue mapema.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, sisi tuliohama tulibeba vichache. Wengine walibeba hati, wengine sanduku la nguo, wengine hawakubeba kitu. Lakini mikono ya mama zetu ilibeba elimu nyingi ambayo haikuandikwa, ya magadi, chokaa, hamira, udi na mafuta ya nazi. Elimu hiyo haiwezi kuchukua mahali pa skuli, wala sisemi hivyo. Bibi hakujua atomu ni nini. Skuli humpa mtoto sababu, na mzee humpa jambo lenyewe na jina lake. Mtoto aliyepata vyote viwili ana kemia na ana lugha.

Wazee hawa wanapungua kila mwaka, na kurasa za mwisho za kitabu hiki ndizo zinazotuonyesha. Naomba basi kila nyumba ichague siku moja katika mwezi. Watoto washike kalamu, mzee akae mahali pake, pawepo ndimu, manjano na mshumaa, na maswali yaulizwe kwa Kiswahili, hata kama ni kibovu. Yatakayoandikwa, yaleteni kwa kamati kabla ya chapa ya mwaka ujao. Nimewaomba watuachie nafasi, na wamekubali.

Wassalaam.
Mwalimu mstaafu